Milima ya Masasi na ukingo wa Newala: likizo ya familia nyumbani Kusini

Kila shule zinapofungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kuja Masasi hujaa familia. Wengi wa abiria hao ni watu wa huku waliohamia Mbagala, Temeke na kwingineko, nao huja kuwaona wazazi. Hufika, husalimia, hula, huhudhuria arobaini ya marehemu iwapo ipo, kisha hurejea. Mtoto aliyezaliwa mjini huondoka Masasi akiwa ameuona ua wa nyumba ya bibi yake na simu yake ya mkononi. Mlima uliosimama nyuma ya nyumba hiyo hajaukanyaga, na jina lake halijui.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya familia hizo, na kwa yeyote asiye na ndugu huku ambaye amechoka kuambiwa kwamba likizo ni ufukwe wa bahari. Katika Suratul-Ankabut, aya ya 20, Allah (S.W.) anawaamrisha watu watembee katika ardhi watazame namna alivyoanzisha uumbaji. Na katika Suratul-Ghashiya milima imetajwa pamoja na ngamia, mbingu na ardhi, miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu anaulizwa kwa nini havitazami. Safari ya kutazama, basi, si upuuzi, ilimradi swala zisipotee na mtu asitumie kwa fahari fedha ya ada za shule. Ikiwa safari hiyo inaunganishwa na kuunga udugu, imekusanya mema mawili kwa nauli moja.

Milima ya mawe

Msafiri atokaye Mingoyo, akiisha kuipita Ndanda, huanza kuona vitu ambavyo macho ya mtu wa pwani hayakuzoea: mawe makubwa mno, marefu kama milima kamili, yamesimama peke yake katika nchi tambarare, moja hapa na jingine kule. Hayakushikana kama safu ya Usambara au Uluguru. Mkomaindo, Mtandi na Mkwera ni majina ambayo kila mwenyeji anayajua, na Mkomaindo ndilo lililopewa hospitali ya wilaya, hata watu wengi siku hizi wakisikia neno hilo hufikiria wodi na wala si mlima.

Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba mawe haya ni ya kale sana na magumu sana. Ardhi iliyoyazunguka ilikuwa laini kuliko yenyewe, ikaliwa na mvua na upepo kidogo kidogo kwa muda usiohesabika, nayo yakabaki yamesimama. Mzazi akimweleza mwanawe hivyo, chini ya kivuli cha jiwe lenyewe, mtoto huelewa kwa dakika moja jambo ambalo darasani humchukua wiki.

Kupanda kunataka adabu. Nendeni mara baada ya swala ya Alfajiri, kabla jiwe halijapata moto, maana ikifika saa nne mchana mwamba huo huwa kama chuma cha kupikia. Viatu viwe vya kushika, visiwe ndala. Baada ya mvua msipande kabisa, kwa kuwa ukoga unateleza. Mchukueni mwenyeji wa mtaa ule, mzee au kijana, mpeni chochote kwa taabu yake. Anajua njia, anajua mahali penye nyuki, na anajua pia mahali ambapo watu wa zamani walipaheshimu. Mkikuta chini ya mti dalili za unga uliomwagwa kwa tambiko, msipige mateke wala msicheke. Mweleze mtoto wazi kwamba sisi hatumwombi ila Allah pekee, na kwamba babu zake wa mbali, kabla hawajafikiwa na mafundisho, walifanya hivyo. Ukweli huo haumpunguzii mtoto imani yake. Unamfundisha jinsi neema ya Uislamu ilivyoingia katika ukoo wake.

Mtandi, na habari tusizopenda kuzisimulia

Chini ya mlima Mtandi ipo misheni ya Waanglikana, yenye kanisa kuu lao. Baadhi ya Waislamu hupita pale na kugeuza uso. Kwa maoni yangu wanakosea, kwa sababu historia ya mahali pale inatuhusu kuliko tunavyotaka kukiri.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu pia. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere, yule aliyekuwa ametunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alitoka Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa kutoka majahazini. Wengi wao asili yao ilikuwa huku bara ya kusini: Wayao, Wamakua na watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, lakini walipofika Masasi wakaikuta ardhi nzuri yenye maji, wakakaa. Mji wa Masasi tunaoujua umekua kuizunguka makazi hiyo ya watu waliorudishwa kutoka utumwani.

Sasa, njia waliyopita kurudi ndiyo njia waliyopitishwa kwenda. Misafara iliyotoka Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani ilibeba pembe na ilibeba watu, na miongoni mwa wenye misafara hiyo walikuwamo Waislamu, wa pwani na wa bara. Mtoto wa darasa la sita atauliza swali hilo tu akifika pale; ni bora alipate jibu kwa baba yake kuliko alipate kwa mtu atakayelitumia kumtukania dini. Jibu lenyewe si gumu. Uislamu umefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya madhambi na umelifanya fungu moja la zaka kuwa la kukomboa shingo. Kumvamia mtu huru kijijini kwake usiku na kumfunga kongwa ni dhulma, na anayeifanya akiwa anaswali ameongeza aibu juu ya dhulma yake. Tukisema hivyo hatumtukani mtu yeyote wa leo, na tunakuwa tumesema haki.

Ipo sababu nyingine ya kutogeuza uso. Huku Masasi ni nadra kupata ukoo wa Kiislamu usio na Wakristo ndani yake, na kinyume chake. Mjomba ni padri, mpwa ni imamu. Mazishi ni yetu sote. Mzee Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alizaliwa Lupaso katika wilaya hii mwaka 1938 na akazikwa hukohuko Julai 2020. Mgeni anayekuja na lugha ya mabishano ya mijini atajikuta anazungumza peke yake.

Yaliyofuata baada ya 1876 nayapitia upesi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, na baadhi ya wamisionari wakahamia Newala chini ya hifadhi ya Matola, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1905 Majimaji yalifika, misheni ikachomwa moto. Mwaka 1906 Wabenediktini wakaanzisha kituo cha Ndanda, ambacho hospitali yake imewatibu Waislamu wengi wa Kusini tangu enzi hizo hadi leo. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana kwa siku kadhaa vita vikali mno, ambavyo wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika waliovalishwa sare za pande mbili. Mwezi uliofuata Jenerali Lettow-Vorbeck akapita Newala na kuvuka Ruvuma. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo hawana mnara huku. Majina yao, kama yapo, yamo katika vinywa vya wajukuu zao.

Kupanda uwanda

Kutoka Masasi kwenda Newala ni safari ya saa chache, na sehemu iliyo nzuri kuliko zote ni pale gari linapoanza kukwea ukingo wa uwanda wa Makonde. Barabara hii ni sehemu ya ile iendayo Mtwara kupitia Tandahimba na Nanyamba, kilomita 210 kwa ujumla, ambayo imekuwa ikijengwa kwa lami vipande vipande. Hewa hubadilika. Mikorosho hukaribiana hadi huoni ardhi. Uwanda huu ni mchanga mwekundu juu ya mchanga, umeinuka zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari katika sehemu za Newala, na juu yake hakuna mto hata mmoja.

Jambo hilo la maji ndilo linaloeleza karibu kila kitu cha Wamakonde. Mvua inyeshayo juu hunywewa na mchanga, ikashuka ndani kwa ndani, ikatokea chini kwenye mabonde na ubavuni mwa uwanda kama chemchemi. Ndiyo asili ya chemchemi na maporomoko ya Ndanda, ambayo familia itokayo Masasi inaweza kuyazuru asubuhi moja na kurudi. Waliokaa juu walikuwa salama na maadui na mbu, lakini walilipa kwa miguu ya wanawake: kushuka bondeni usiku, kungoja kata ijae, kupanda na mtungi kichwani. Mjerumani Karl Weule, mtafiti aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za taabu hiyo. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi mkubwa wa kusukuma maji kutoka mabonde ya chini, kama vile Mitema, hadi juu. Nao umeendelea kufufuliwa na kupanuliwa. Hata hivyo nyumba nyingi hadi leo zina shimo la saruji uani la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na kiangazi kikirefuka ndoo hununuliwa.

Kwa hiyo mgeni asifike Newala na desturi ya bafu la mjini. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Watoto wetu husoma hadithi hiyo madrasa huku bomba likiwa linatiririka. Newala bibi atamkabidhi mjukuu kopo dogo, na mjukuu atatawadha akabakiza.

Weule huyohuyo alisimuliwa ngano ya asili ya Wamakonde, ambayo wazee bado wanaijua kwa namna mbalimbali. Mtu wa kwanza alikaa porini upande wa Mahuta, hajaoga wala hajanyoa, yuko peke yake. Akachonga sanamu ya mti yenye umbo la mwanamke, akaisimamisha, na usiku ikawa mtu hai. Wakashuka Ruvuma, mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Wa pili naye akafa. Wakarudi juu Mahuta, na wa tatu akaishi. Itikadi yetu juu ya kuumbwa kwa Nabii Adam (A.S.) na Hawa inajulikana, na ngano haishindani nayo. Lakini itazameni kama kumbukumbu: watu waliopoteza watoto mabondeni, penye mbu na mafuriko na wavamizi, waliwausia wajukuu wao wakae juu ijapokuwa maji ni haba. Na haishangazi kwamba watu wenye ngano hiyo ndio waliokuja kuwa wachongaji mashuhuri kuliko wote katika Afrika ya Mashariki.

Shimo la Mungu

Newala mjini, karibu na boma la enzi za Wajerumani, ardhi inakatika. Hakuna onyo. Unatembea kwenye uwanda na ghafla mbele yako pana korongo kubwa, kuta zake zimeliwa na mvua, na chini yake nchi imetandaa mbali kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Kijana mmoja aliyehitimu chuo karibuni aliniambia jina hilo libadilishwe kwa kuwa linamnasibishia Allah mahali. Sikuafikiana naye. Mtu wa kawaida wa Newala akisema hivyo anamaanisha shimo ambalo hakulichimba binadamu, kama vile sisi sote tunavyosema nyumba ya Mungu bila kukusudia kwamba Anakaa ndani yake. Tafuteni bidaa mahali pengine.

Washikeni watoto mikono, maana hakuna ukuta na ukingo ni wa mchanga. Wakati mzuri ni alasiri, jua linapoelekea kuchwa na vivuli vinapojaa korongoni. Na ikiwadia Magharibi msihangaike na dira ya simu: Masasi na Newala zipo karibu kusini kabisa mwa Makka, hivyo kibla chetu huku ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo mno. Utazamaji wako wa Msumbiji ukiwa umeelekea kusini, kibla kiko mgongoni mwako.

Ng'ambo ile unayoiona ndiko ulikotokea mkasa wa Mueda wa tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi Wamakonde waliokusanyika kudai haki zao, na ndiko vita vya ukombozi vya FRELIMO vilikoanza mwaka 1964. Koo nyingi za Newala zina nusu yake upande huo. Tangu mwaka 2010 lipo Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720. Lakini tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya upande wetu kushambuliwa Oktoba 2020, matembezi ya kando ya mto si ya kubahatisha. Asiye na ndugu vijiji vya mpakani asiende; mwenye nao aende na kitambulisho na aripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kulala. Kijana mgeni mwenye ndevu asiyejitambulisha huwaingiza wenyeji katika hofu isiyo ya lazima, na hofu hiyo tusiwalaumu nayo.

Katika uwanda huuhuu, sehemu za Luagala iliyopo sasa wilaya ya Tandahimba, alikaa Machemba, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1890 Wajerumani walimwita pwani akanyenyekee kwa Kamishna Wissmann. Akajibu kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii. Akitakiwa urafiki yuko tayari, ama kuwa mtumwa wa mtu hapana, na anayemtaka amfuate. Walimfuata kwa miaka kadhaa hadi akahamia Msumbiji mwaka 1899. Mtoto anayesoma habari za Mkwawa na Isike shuleni ana haki ya kujua kwamba mkoa wake nao ulikuwa na mtu wa namna hiyo, na kwamba alijibu kwa kalamu kabla ya bunduki. Machemba naye alikuwa mfanyabiashara wa misafara ile niliyoitaja. Mtu huyohuyo mmoja ana kurasa mbili, zisomeni zote.

Vinyago: nini cha kununua

Weule alipoondoka alibeba vinyago, mitungi, vifaa vya ngoma, na sauti za watu alizozirekodi kwa fonografu. Vikaenda Leipzig, Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho. Barakoa nyingine ya Kimakonde iliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, ikaonekana Geneva katika jumba la Barbier-Mueller, na ikarudishwa Tanzania Mei 2010 baada ya majadiliano ya miaka mingi. Kazi ya mikono ya babu zetu ina thamani inayoibiwa na kugombewa. Mtoto aijue hiyo.

Ama kununua, hukumu ya wanazuoni wengi kuhusu sanamu kamili za viumbe wenye roho inajulikana, nami siirefushi: usiweke sebuleni kwako. Lakini fundi wa Kimakonde hachongi sanamu tu. Anachonga bakora za mpingo, vitana, bakuli, vijaluba, rehali za kuwekea Msahafu ukimwagizia, na shanuo ambazo mke wako atazipenda. Nunua hizo, lipa bei ya haki, usimdhalilishe kwa kupunguza hadi senti ya mwisho. Mti wa mpingo huchukua miongo mingi kukua na mkono uliojifunza kuuchonga haukujifunza kwa siku moja.

Bibi anapotaka mjukuu achezwe

Nimefika kwenye jambo ambalo kila mwaka huletwa kwenye kamati za misikiti ya huku, nalo huharibu likizo nyingi. Familia inakuja Juni au Desemba, na bibi au mjomba anasema: mtoto huyu amekua, hajapita jandoni, au: binti huyu lazima achezwe unyago kabla hajarudi Dar es Salaam. Baba anakataa kwa ukali mbele za watu, mama analia, mjomba anasusa. Kwa kuwa koo za Wamakonde, Wamakua na Wayao zinafuata upande wa mama, mjomba akisusa si jambo dogo.

Jando huku limekwisha kupita mikononi mwa wengi. Wayao walilichanganya na tohara ya Kiislamu tangu karne ya 19. Waanglikana nao, chini ya Askofu Vincent Lucas wa Masasi, walilitengenezea sura ya Kikristo. Maana yake ni kwamba desturi hii inabadilishika. Imekwisha kubadilishwa mara nyingi, na anayesema haiguswi hajui historia yake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, tohara ya mvulana ni wajibu, basi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni wa mahali na kisu. Mtoto atahiriwe hospitali kwa dawa ya ganzi, kisha akae na wazee afundishwe heshima, kazi, usafi, namna ya kukoga janaba na kuzika maiti. Mafunzo hayo wazee wetu wanayo, na mzazi wa mjini mara nyingi hana muda nayo.

Unyago ni mzito zaidi. Binti wa miaka minane au tisa hufundishwa mambo ya ndoa, kwa nyimbo na ngoma ambazo hata kuzitaja hapa sistahi. Baadhi yao hurudi shuleni wakiwa wameambiwa kwamba wamekwisha kuwa wakubwa, na walimu wa huku wanajua yanayofuata. Mimi nasema wazi: hilo lisikubaliwe. Lakini likataliwe nyumbani Dar es Salaam, kwa simu, mwezi mmoja kabla ya safari; baba na mama wakiwa kauli moja, na mwenye kusema na mjomba awe mama, kwa sababu ni kaka yake. Na asikatae mikono mitupu. Akubali shangazi na bibi wakae na binti siku mbili tatu wamfundishe hedhi, twahara, stara, na heshima kwa wakubwa, bila ngoma ya hadhara. Familia kadhaa za mtaani kwetu zimefanya hivyo, na mabibi wameridhika, kwa kuwa walichokuwa wakikilinda hasa ni nafasi yao ya kumlea mjukuu. Nafasi hiyo wapewe.

Chakula, swala na msimu

Kuleni ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa vichakani na kuchemshwa. Kwa chai ya asubuhi haina mfano. Kuleni ugali wa muhogo na kisamvu, njugumawe na mbaazi. Mabibo mabichi, yaani tunda la korosho, ni matamu, ila maji yake hayatoki kwenye kanzu. Uraka unaotengenezwa kwayo ni pombe hata ukiitwa juisi. Na mkikaribishwa samaki nchanga, tahadharini: huyo si samaki, ni panya. Watani wetu humpenda mno na humsifia kwa wageni huku wakijizuia kucheka. Shukuruni kwa adabu, semeni kwamba kwetu haliwi, mkale kisamvu.

Atokaye Dar es Salaam, umbali wake unapita kilomita 500, anapunguza na kukusanya swala njiani. Akifika Masasi akiwa amenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, kwa kauli ya Kishafi huacha kupunguza tangu anapofika. Na kwa kuwa Newala haifiki kilomita 80 kutoka Masasi, aliyekwisha kuwa mkazi hapa anapokwenda kutembea kule na kurudi haswali swala ya safari. Swali hili huulizwa kila Desemba.

Kwa wenye asili ya huku naongeza kazi moja ya kuwapa watoto. Uislamu wa vijiji hivi haukuletwa kwa meli wala kwa upanga. Ulipanda taratibu kutoka Lindi, Mikindani na Kilwa, na ulienea zaidi baada ya Majimaji na baada ya Vita vya Kwanza, kwa mikono ya walimu wa vijijini, wengi wao wafuasi wa tarika za Kadiria na Shadhilia, waliosomesha chini ya miembe na kujenga misikiti ya udongo na nyasi. Mwaka 1908 Wajerumani wa Lindi walitiwa hofu na Barua ya Makka, iliyosomwa misikitini ikiwataka watu watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Habari hiyo imo katika vitabu kwa sababu serikali iliogopa. Walimu wa miembe hawamo katika vitabu, kwa kuwa hawakumtisha yeyote. Mtoto amkalie mzee wa msikiti wa kijijini kwao na daftari, aulize: nani alijenga msikiti wa kwanza hapa, alisoma kwa nani, kaburi lake liko wapi? Wazee wenye majibu hayo kila mwaka tunawaswalia jeneza.

Mwisho, msimu. Juni na Julai Newala ni baridi na ukungu hushuka asubuhi hadi huoni jirani, basi leteni masweta. Desemba korosho zinamalizikia kuuzwa minadani, wenyeji wana fedha kidogo na muda wa kukaa na wageni, lakini mvua huwa zimeanza: njia za mchanga za uwanda huwa nzito, jiwe la Mkomaindo huteleza, na ukingo wa Shimo la Mungu humeguka. Anayetaka kupanda milima aje Juni. Anayetaka kuwakuta ndugu wote nyumbani aje Desemba.